Ndani kwa Ndani

Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu Koki,

Wifi atakueleza mwenyewe akifika, lakini namjua, ataanza kulia kabla hajamaliza sentensi ya kwanza na wewe utadhani ni msiba. Kwa hiyo nimempa barua hii aishike mkononi kama cheti. Isome ukiwa umeketi.

Haujakua. Mshipa wa Mwanzi haujakua hata kidogo.

Mwaka jana, Mzee wa Picha alipompima kabla hajastaafu, alipata milimita thelathini na moja. Jana nimempima mimi, nimekalia kiti chake kilekile chenye mguu mmoja mfupi, nikapata thelathini na moja. Nikarudia. Thelathini na moja. Nikamlaza mtoto ubavu, nikarudia tena, mpaka akaniuliza, "Shangazi, umepoteza kitu humo ndani?"

Nikueleze kidogo, maana hupendi kuambiwa kwamba ni mambo ya kitaalamu. Moyo unatoa damu kwa bomba moja kubwa, ule mshipa mkuu. Pale shinani, unapochomoza moyoni, kwa mtoto wa miaka saba mwenye kimo cha Mwanzi upana ungetakiwa kuwa milimita ishirini na mbili hivi. Wake ni mpana. Hilo tulilijua tangu mwaka jana, na bila shaka ndilo alilokuwa nalo Baba siku alipoanguka na miaka yake thelathini na minane, ingawa watu walisema amerogwa. Lakini upana ukitulia, mtu anaishi nao. Kinachoua ni kuendelea kutanuka. Mtoto anakua, kwa hiyo milimita moja kwa mwaka haimshtui Daktari wa Moyo. Zikifika tatu, anampeleka kwa wapasuaji wabadilishe kile kipande kabla hakijapasuka.

Daktari huja kwetu kila baada ya wiki saba, siku moja tu, watoto arobaini. Hana muda wa kuzirudia picha zote, anasoma namba ninayomwandikia. Jana aliweka karatasi mbili pamoja, ya mwaka jana na ya mwaka huu, akatabasamu. Nina miezi minane kwenye kiti hiki na sijawahi kumwona akitabasamu. Amesema Mwanzi aendelee na kidonge chake cha asubuhi, arudi mwakani. Mdogo wake Kitonge naye tutampima hapohapo, maana haya mambo hutembea katika ukoo. Kwa miaka yake mitatu hatulii hata dakika, ukimpaka ile jeli atateleza kitandani kama sabuni.

Na wewe? Nimekuambia mara ngapi uje upimwe? Mimi wangu nilishaupima, ni mzima. Wanao hawakuokota kitu hiki barabarani.

Nimemchapia Mwanzi picha ya moyo wake. Anasema ni samaki. Nimemwambia ni samaki kweli, na hajambo.

Lala usingizi sasa. Ulikuwa umekonda mno.

Dada yako


Tarehe 17 Machi

Dada,

Nimeisoma nikiwa nimeketi, tena juu ya bomba, usije ukasema sikusikii.

Wifi yako alilia kama ulivyotabiri. Mimi sikulia. Nilikwenda nyuma ya tenki kukagua valvu ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Jibu limechelewa kwa sababu Dereva wa lori la mabomba hajapanda huku tangu mvua ikate barabara, na unajua ndiye posta yetu. Mtandao tunao, lakini mpaka ukwee kilima saa nzima, na ukiupata ukikohoa tu umepotea.

Samaki amebandikwa ukutani juu ya kitanda. Kila anayeingia lazima aonyeshwe. Jirani mmoja akauliza ni samaki wa aina gani, Mwanzi akamjibu, "Ni mimi, kwa ndani."

Sasa nimemruhusu kuruka kamba, na usinikaripie. Mwaka mzima mtoto amekaa dirishani anahesabia wenzake. Moja, mbili, tatu, mpaka mia, yeye anahesabu, wenzake wanaruka. Nilipopata barua yako nikamwambia, haya, na wewe nenda, ila ukichoka ukae chini. Ungeiona ile miguu! Kamba yenyewe inaonekana fupi. Nimesimama pale kama mjinga na spana yangu, nikasahau nilikuwa naenda wapi.

Nina swali la kifundi, ucheke ukitaka. Ule mshipa mnaupima ndani kwa ndani au nje kwa nje? Maana kwetu hapo ndipo watu wanapoumbuka. Bomba la chuma linaitwa kwa upana wa ndani, la plastiki linaitwa kwa upana wa nje. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kumletea fundi wangu mabomba mawili yenye namba moja, na hayakuingiana hata kwa nyundo. Alinizaba kofi. Halikuwa la kukosea, alisema, ni la kutouliza. "Namba ambayo hujui imepimwa wapi mpaka wapi ni kelele tu." Basi nikawa najiuliza, yule Mzee wa Picha na wewe mnapima sawasawa? Najua nyinyi mmesoma. Kuuliza si ujinga.

Kuhusu mimi kupimwa, mimi ni bomba la chuma. Achana na mimi.

Koki


Tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia tarehe 24. Nimecheka habari ya valvu. Baba naye alikuwa hivyohivyo, akitaka kulia anatafuta kitu cha kutengeneza.

Huku tumeletewa mashine mpya. Kioo kikubwa, picha safi, kila kitu kinaonekana. Ningependa Mwanzi awe mtoto wa kwanza kupigwa picha kwa hiyo mashine, kwa kuwa ni wetu. Mlete Dereva akishuka. Ukikawia sana iwe tarehe 15 ya mwezi ujao, Daktari atakuwepo. Si kwamba kuna neno. Ni mashine tu, inaona vizuri zaidi.

Na ile kamba, mwambie Shangazi anaomba ipumzike kidogo mpaka tumpige hiyo picha. Mwambie samaki hapendi kurushwarushwa.

Naandika kwa kifupi, kazi zimenizonga.

Dada yako


Tarehe 11 Aprili

Dada,

Yaani mashine mpya, na wa kufanyiwa majaribio ni mtoto wa mdogo wako! Ama kweli damu nzito kuliko maji.

Mwezi huu haiwezekani. Tunajaribu bomba kuu kwa mgandamizo kuona kama linavuja, mji mzima hauna maji na watu wananitazama kana kwamba nimeyanywa mimi. Nikitoka hapa siku tatu nikirudi nitakuta kazi yangu ina mwenyewe. Shule zikifungwa mwezi wa sita nitakuja nao wote, Kitonge pia, uwapige picha mpaka uchoke. Kama ni mashine tu, haitaoza.

Kamba tumemwambia ipumzike. Mama yake akaificha juu ya kabati. Mwanzi hakuhitaji hata kiti, alinyoosha mkono tu akaichukua. Sasa inalala chini ya godoro letu.

Juzi alilalamika mgongo, hapa katikati ya mabega. Tukamkanda kwa maji ya moto, ukaacha, jana ukarudi kidogo. Nadhani ni ule mkoba wa shule. Vitabu vya siku hizi vizito kama matofali.

Halafu hukunijibu swali langu. Au ni siri ya chama chenu?

Koki


Tarehe 16 Aprili

Koki,

Naandika nimesimama, Dereva ameniachia injini inanguruma. Soma mpaka mwisho kisha mbebe mtoto.

Mwanzi aje sasa. Usingoje shule wala bomba. Asitembee, abebwe. Asiruke, asicheke sana, asilie sana ukiweza. Alazwe kwenye kiti cha mbele cha lori hili hili na Dereva ageuze papo hapo, nimeshamwambia, amekubali hata kushusha mabomba yenu njiani. Gari la wagonjwa liko safarini, likirudi kesho kutwa nitakuja nalo tukutane barabarani. Mimi nabaki kwa sasa kwa sababu Daktari anatafuta kitanda kwa wapasuaji na mtu wa kusimamia simu ni mimi.

Ule mgongo si mkoba. Unaweza kuwa mshipa umeanza kuchanika.

Jana tulikuwa na Daktari tukarudia picha za mwaka jana, tukagundua kwamba Mzee wa Picha alipima nje kwa nje, pamoja na kuta za mshipa. Mimi napima ndani kwa ndani. Namba zinafanana lakini si kitu kimoja. Mwaka jana kwa ndani ulikuwa ishirini na nane. Umeongezeka milimita tatu. Alitakiwa kupelekwa kwa wapasuaji tangu Februari.

Tutazungumza mengine ukifika. Mlete, mdogo wangu. Mlete.

Dada yako


Tarehe 18 Aprili

Dada,

Dereva amefika leo saa nne asubuhi. Amekuta watu uani.

Mwanzi amefariki jana. Alikuwa anavaa viatu vya shule. Kimoja kilikuwa tayari. Akasema, "Mama, mgongo," akakaa chini kwenye mkeka, akaegemea ukuta. Mama yake alidhani anatania ili asiende shule.

Tunazika saa tisa. Barua yako nimeisoma baada ya kumaliza kupima kaburi. Nilipima mimi. Walitaka kuchimba la kimo cha mtoto, nikawaambia huyu ni mrefu.

Koki


Tarehe 6 Mei

Dada,

Ulikuja, ukalia, ukapika, ukaosha vyombo vya watu mia, ukaondoka. Sikukusemesha kwa sababu sikuwa na sauti. Sasa ninayo.

Nimepanga barua zote mezani kwa tarehe. Yangu ya tarehe 17 Machi nilikuuliza mnapima wapi mpaka wapi. Yako ya tarehe 28 hukujibu, ukaniambia mashine mpya. Yako ya tarehe 16 Aprili unasema mmegundua jana yake, wewe na Daktari.

Juzi Dereva alileta mabomba. Kumbe ndiye huwapelekea hata nyinyi mitungi ya oksijeni. Nikamwuliza hiyo mashine mpya ikoje. Akasema, mashine gani? Mashine ni ileile, kioo chake kimefungwa kwa plasta pembeni.

Mimi ni fundi bomba. Maji yakimwagika natafuta yalipoanzia kutoka, hata kama yameshamwagika yote. Sitaki pole. Nimezipata za kutosha. Nataka kitu kimoja.

Ulijua lini?

Koki


Tarehe 14 Mei

Koki,

Nilijua tarehe 24 Machi, saa ya chai.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha wafanyakazi. Nikacheka habari ya valvu kwa sauti, mhudumu akaniuliza kuna nini. Kisha nikafika kwenye swali lako. Sikuimaliza chai. Nilirudi chumba cha picha, nikafunga mlango, nikatoa picha za mwaka jana. Kwenye picha, pale unapoanza kupima na pale unapoishia, mashine inaweka alama mbili ndogo za msalaba. Za Mzee wa Picha zilikuwa nje ya kuta. Zangu ziko ndani. Nikaupima mshipa ule wa mwaka jana kwa njia yangu. Ishirini na nane. Nilirudia mara tatu, kama nilivyofanya siku ile ya furaha.

Unataka kujua kwa nini sikumwuliza Mzee mwanzoni. Alinipa funguo, akanipa kitambaa chake cha kufutia kioo, miaka thelathini amefanya kazi ile. Nimwulize, "Mzee, wewe unapimaje?" Tumelelewa kwamba mkubwa haulizwi hivyo. Ingekuwa kama kumwuliza Baba kama anajua kula. Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Nilimkuta anamwagilia miche yake, nikamweleza. Aliweka chini kopo la maji, akasema, "Ungeniuliza, ningekuambia." Hakuna zaidi.

Sasa lile la pili, ambalo ndilo unalolitafuta.

Nilijiambia nisimtie mdogo wangu hofu bure. Nilijiambia huenda macho yangu yamekosea, nimngoje Daktari atazame. Nilijiambia mambo mengi mazuri. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Miezi tisa tangu nipewe kiti kile, na kosa la kwanza kubwa liwe kwa mtoto wa nyumbani kwetu, na wa kuligundua awe wewe, uliyeacha shule ili mimi niendelee. Nilitaka Mwanzi aje, nimpime upya, nirekebishe karatasi, na wewe usijue kamwe kwamba palikuwa na kosa. Ndiyo maana nikaandika mashine mpya. Ilitosha mistari miwili tu: nimekosea, mlete leo. Ungetelekeza bomba lako ukaja kwa miguu. Nakujua.

Namba ya simu ya Daktari imebandikwa ukutani mbele ya kiti changu. Niliitazama siku ishirini na mbili. Sikumpigia mpaka alipokuja mwenyewe.

Na tarehe 16, mtoto anaumwa mgongo, bado nilikuandikia kwamba tumegundua jana. Hata saa ile nilikuwa najificha.

Nimeandika haya yote kwa Mkuu wa idara, nikatia sahihi. Ameniondoa kwenye kiti kwa muda, akanipa kazi moja: kutoa picha za watoto wote waliopimwa na Mzee kisha nami, nizipime upya, na Daktari azihakiki. Ni watoto kumi na tisa. Watatu tumewaita warudi. Mmoja ameshafanyiwa upasuaji na anakula uji. Sikuandikii hili ulipime na la Mwanzi. Nakuandikia kwa sababu sitaki tena kukuficha kitu, hata kizuri.

Sikuombi msamaha kwa barua. Kitonge hajapimwa, na wewe hujapimwa. Kama hamtaki kuja kwangu, nendeni hospitali nyingine yoyote, lakini nendeni.

Dada


Tarehe 2 Agosti

Kwa Mpiga Picha wa Moyo,

Anayekuletea barua hii ni mke wangu, na mtoto aliyembeba mgongoni ni Kitonge. Mimi nimebaki. Sijawa tayari kukuona.

Barua yako ya Mei nimekaa nayo. Mara ya kwanza niliitia jikoni, mama Kitonge akaiokoa, ndiyo maana najua hata ulichoandika upande wa pili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani wanamsema mgonjwa.

Sijakusamehe, na usiwatume watu wa ukoo waje kunisihi. Wamekuja watatu, nimewapa maji ya kunywa, wameondoka.

Lakini nimewaza hivi. Nikimpeleka mwanangu kwingine, nitakuta mtu mwingine na kiti kingine, naye atanipa namba, nami nitarudi nayo nyumbani nikifurahi kama mpumbavu. Wewe angalau najua kwamba hutapima tena maisha yako yote bila kujiuliza alama imekaa wapi. Kwa hiyo mpime wewe, kama wamekurudishia kiti. Kama hawajakurudishia, simama kando ya huyo atakayempima.

Niandikie namba. Niandikie imepimwa wapi mpaka wapi. Niletee na picha yenyewe nione zile alama. Usinitafutie mashine mpya. Kama ni mbaya, andika ni mbaya.

Yule samaki bado yuko ukutani. Kitonge hulala chini yake siku hizi, kitanda amekirithi.

Baba Kitonge


Tarehe 7 Agosti

Baba Kitonge,

Ni mbaya.

Milimita ishirini na nne, ndani kwa ndani, shinani, moyo ukiwa umesukuma damu. Nilipima mimi, kiti wamenirudishia mwezi uliopita. Nikaandika namba kwenye karatasi, nikaikunja, nikatoka nje. Daktari yuko wiki hii, nje ya zamu yake, akaingia akapima bila kuiona yangu. Akapata ishirini na nne. Kwa kimo cha Kitonge ingetakiwa kuwa kumi na nane, au pungufu.

Ya mwaka jana ya kulinganisha hatuna, kwa sababu hatukumpima, na Februari ni mimi niliyesema angoje. Daktari hatangoja kuona kama unatanuka. Kwa yaliyompata dada yake Mwanzi, anampeleka kwa wapasuaji wiki ijayo, tarehe 13. Watakata kile kipande na kuweka kingine cha kitambaa. Upasuaji huo ni mkubwa. Baadhi ya watoto hawaamki. Wifi nimemwambia maneno hayo hayo nikiwa namtazama usoni. Hakulia. Aliniuliza kama anaweza kumwacha anyonye kidole mpaka alale, maana hajaacha, nikasema anaweza.

Mashine ni ileile, yenye plasta. Pembeni yake nimebandika karatasi yenye maneno matatu, ndani kwa ndani, na kila anayeingia kupima lazima ayasome kwa sauti, hata Daktari.

Picha iko ndani ya bahasha. Zile alama mbili nimezizungushia kalamu nyekundu. Pembeni kuna ngazi ndogo, kila kipande chake ni sentimita moja. Chukua rula yako upime mwenyewe, usiniamini.

Kitonge hatarudi huko kwa sasa, tumemlaza hapa, kitanda cha dirishani. Njoo na Dereva huyu anayekupa barua. Ukifika utavua shati na utalala kwenye kitanda cha picha kabla hujanisemesha neno lolote, au usinisemeshe kabisa, nitapima kimya kimya. Wewe una miaka thelathini na sita, na watoto wako wawili hawakupata mshipa huu hewani. Bomba la chuma nalo hupasuka.

Alitulia sana wakati wa kupimwa, hata sikuamini. Alikuwa anatazama kioo. Akauliza, "Huyo ni samaki wa Mwanzi?"

Nikamwambia hapana, wa Mwanzi yuko nyumbani, huyu ni wako. Akauliza kama naye ni mgonjwa. Nikamwambia ndiyo.

Shangazi yake